Chumba Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kuandaa Pa Kufanyia Usanifu Nyumbani Kisii na Nyamira

Kuanzia Suneka hadi Keroka, na kutoka Ogembo hadi Nyamira mjini, vijana wengi wanaochora nembo, kadi za harusi, mabango ya harambee na vijitabu vya mazishi hawana ofisi. Wanafanyia kazi nyumbani: kwenye meza ya sebuleni, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka, au kwenye esaiga, ile nyumba ndogo ya kijana ndani ya boma la wazazi. Kazi huja kwa simu, malipo huja kwa M-Pesa, na faili ikishakamilika hutumwa kwa mpiga chapa mjini. Huenda mbunifu na mteja wake wasionane uso kwa uso hata mara moja.

Anayetaka kuingia katika kazi hii huuliza kwanza anunue kompyuta gani. Ni swali la haki, lakini huku kwetu milimani linakuja la tatu. La kwanza ni stima, na la pili ni mwanga wa chumba. Mashine nzuri iliyochomekwa kwenye soketi mbovu haitaona mvua ya pili, na skrini ya bei ghali iliyowekwa mahali pabaya itakudanganya rangi kila siku. Ukiwa na akiba ndogo, tenga sehemu yake kwa ajili ya chumba kabla hujaenda dukani.

Stima na radi

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani mchana ardhi inapopata joto, na ifikapo saa tisa au saa kumi alasiri mawingu yamekwisha kujaa. Ndiyo sababu nyanda za Gusii huhesabiwa miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye radi na mvua ya mawe kwa wingi. Na alasiri hiyo hiyo ndiyo saa ambayo mbunifu anakimbizana na kazi inayotakiwa kesho asubuhi.

Radi haihitaji kuipiga nyumba yako ndipo iharibu kompyuta. Ikipiga nguzo au mti ulio mbali kidogo, msukumo wa umeme husafiri kwenye nyaya na kuingia ndani kupitia soketi, waya wa antena ya TV, au kebo ya intaneti inayotoka nje. Vifaa vya kuzuia misukumo husaidia kwa ile midogo na ya wastani. Kwa radi iliyopiga karibu, hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kuhakikisha usalama. Dawa ya uhakika ni moja: chomoa. Na chomoa mapema, mawingu yanapoanza kukusanyika, kwa sababu kushikashika nyaya na plagi radi ikiwa juu ya paa ni kuhatarisha maisha yako mwenyewe. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana pengo lililo ndani ya swichi ni dogo mno kwa umeme wa radi.

Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Ukihesabu chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na pigo linalofuata laweza kuwa lako. Wakati huo kila kitu kilipaswa kuwa kimekwisha kuchomolewa. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudishe plagi. Kwa sababu hii peke yake, ningemshauri mtu wa Gusii achague laptopu badala ya kompyuta ya mezani. Laptopu hubaki na betri yake, nawe unaendelea na kazi huku plagi ikining'inia nje ya soketi.

Suala la esaiga linahitaji kusemwa wazi. Stima nyingi za nyumba hizi huvutwa kutoka nyumba kubwa kwa waya mmoja mwembamba uliopitishwa juu ya ua, mara nyingi ule wa kuwashia taa, na huwa hauna waya wa ardhi kabisa. Soketi ina matundu matatu, lakini tundu la juu halijaunganishwa na chochote. Hapo kifaa cha kuzuia misukumo hakina pa kuutupa umeme uliozidi, na mwili wa kompyuta ukiwa wa chuma waweza kukupiga. Nyaya za soketi zinapaswa kuwa na unene wa milimita za mraba 2.5, pamoja na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, unaofika hadi kwenye nondo iliyozikwa nje. Mwite fundi stima mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na umwombe aupime huo waya wa ardhi kwa mita mbele ya macho yako. Kazi hii haionekani mtu akiingia chumbani, na ndiyo maana wengi huiruka. Mimi naiweka mbele ya kila kitu kingine katika makala haya.

Stima ikipotea ni shida ya aina nyingine. Laptopu huchukua kati ya wati 30 na 65, skrini ya pembeni kama wati 25, ruta wati 10, balbu wati 9. Jumla ni kama wati 90. Betri ya ndani ya UPS ndogo ya 650VA ni ya volti 12 na takriban ampea-saa 7, yaani haifiki wati-saa 90. Ikiwa mpya itakupa muda wa kuhifadhi kazi na kufunga mashine bila pupa, si wa kumaliza kijitabu chenye kurasa 16. Anayetaka kufanya kazi saa nne bila stima anahitaji kama wati-saa 400 ukijumlisha na zile zinazopotea ndani ya inveta. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, ya aina ya kawaida ya risasi na asidi, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini isitumiwe zaidi ya nusu, ama sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo inatosha saa zako nne na ziada kidogo. Kumbuka pia kwamba paneli zetu huvuna zaidi asubuhi. Alasiri ya mawingu haitegemewi, kwa hiyo kagua betri imejaa kiasi gani kufikia saa sita mchana.

Dirisha, ukuta na balbu

Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Jua letu huchomoza karibu mashariki kamili na kupita juu ya utosi. Dirisha la mashariki hukupa jua kali la asubuhi machoni, na la magharibi hukupa mwanga wa kukatika-katika wa alasiri, sasa mkali, sasa wingu. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini ndilo bora, kwa kuwa hata Juni na Desemba jua la adhuhuri huwa juu sana na ukingo wa paa hulizuia. Kama una vyumba viwili vya kuchagua, chagua kwa kigezo hiki.

Meza iwekwe dirisha likiwa ubavuni mwako. Dirisha likiwa nyuma yako, litang'aa ndani ya skrini. Likiwa mbele, macho yatachoka kupambana na mwanga wa nje. Anayechora kwa kalamu ya kidijitali kwa mkono wa kulia aliweke dirisha kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi.

Ukuta nao una neno. Rangi za waridi, kijani na samawati zinapendeza sebuleni, lakini huakisi mwanga wake juu ya skrini na juu ya karatasi, na jicho linapotoshwa bila mwenyewe kujua. Upake ukuta ulio nyuma ya skrini na ule ulio nyuma yako rangi nyeupe isiyong'aa au kijivu hafifu. Balbu nazo zichague kwa kusoma pakiti. Iliyoandikwa 2700K au 3000K ina manjano mengi, na ya 6500K ni nyeupe inayoelekea samawati. Kwa kazi ya rangi tumia ya kati ya 4000K na 6500K, na ukishachagua usibadilishe kila mwezi. Ukipata iliyoandikwa Ra 90 au zaidi, hiyo inaonyesha rangi kwa uaminifu. Nunua mbili kabisa.

Sura ya marehemu

Kazi inayolipia chakula kwa wabunifu wengi wa huku ni kijitabu cha mazishi. Huagizwa katikati ya wiki na hutakiwa kabla ya ibada, na hakina nafasi ya kurudiwa. Mjane akikishika mkononi akaona uso wa mumewe umekuwa mweusi tii, au umeiva wekundu ambao hakuwa nao, hakuna maelezo ya kitaalamu yatakayomfariji. Chanzo cha kasoro hii mara nyingi ni chumba na skrini, wala si printa.

Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkali kupita kiasi. Ukihariri picha kwenye mwangaza huo, unaona iko sawa, ukiipeleka kwenye karatasi inatoka giza. Chukua karatasi nyeupe ya A4, ishike kando ya skrini iliyofunguliwa ukurasa mtupu mweupe, kisha punguza mwangaza mpaka weupe wa skrini ukaribiane na weupe wa karatasi. Zima ile hali ya usiku inayoitia skrini manjano. Halafu omba mpiga chapa wako akuchapie ukurasa mmoja wa majaribio wenye nyuso tatu au nne za rangi tofauti za ngozi, urudi nao nyumbani, uuweke kando ya picha zile zile kwenye skrini. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoirekebisha kila mara. Ukurasa huo utunze ndani ya bahasha, mbali na jua. Una thamani kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Skrini huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na samawati. Printa huunda kwa wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi, na wino hauwezi kufikia kila rangi inayong'aa kwenye skrini. Kijani kibichi cha majani machanga ya chai ni mfano mzuri: ukikichora kwa ajili ya nembo ya kikundi cha wakulima wa Nyansiongo au Kebirigo, kitawaka kwenye kompyuta na kupoa kwenye karatasi. Badilisha faili iwe ya rangi hizo nne za wino (CMYK) mapema, umwonyeshe mteja kile kitakachotoka hasa.

Picha ya marehemu nayo huwa imepita katika makundi matano ya WhatsApp kabla haijakufikia, ikipunguzwa kila inapopita. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha sentimita 10 tu ukichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi. Waombe wenye msiba waitume kama faili, si kama picha ya kawaida, au mtu alete simu yenye picha ya asili. Acha milimita 3 za ziada kila ukingo kwa ajili ya kukatwa, na idadi ya kurasa za kijitabu cha kukunja igawanyike kwa 4.

Meza na kiti

Meza ya kazi iwe na kimo cha sentimita 70 hadi 75 na kina kisichopungua 60, ili skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Fundi wa mbao aliye karibu nawe ataitengeneza vizuri ukimpa vipimo, lakini uliza mbao zimekaushwa kwa muda gani. Mikaratusi imejaa vilimani kwetu, na mbao zake zikitumika mbichi hupinda na kupasuka. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Laptopu peke yake haiwezi kutimiza hilo bila kukuinamisha shingo, basi iinue juu ya kijisanduku na utumie kibodi na kipanya vya pembeni.

Kiti kikushike kiunoni, na nyayo zikanyage sakafu. Kigoda ni kizuri kwa mazungumzo ya jikoni, si kwa saa nane za kazi. Kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20.

Mashine yenyewe

Sasa kompyuta. Nyingi zinazouzwa Kisii mjini ni zile zilizotumika ng'ambo, na hakuna ubaya wowote kununua hizo ukijua cha kuangalia. Tafuta RAM ya GB 16 au ile ya GB 8 inayoweza kuongezwa, diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, na skrini yenye pikseli 1,920 kwa 1,080. Muuzaji akiiwasha, fungua ukurasa mweupe kisha uinamishe skrini mbele na nyuma. Rangi zikigeuka, hiyo ni skrini ya TN, haifai kwa usanifu. Zikibaki zilivyo, yaelekea ni IPS, hiyo chukua. Tafuta pia madoa ya manjano pembeni, na uiache ifanye kazi kwa betri wakati mnajadili bei.

Uliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Microsoft ilisitisha huduma za usalama za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inahitaji, isipokuwa chache, kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine ya kizazi cha 6 au 7 itauzwa kwa bei ya kuvutia, lakini ni ya kufaa tu kama uko tayari kutumia Linux.

Programu za bure zipo na ni za kazi halisi: Inkscape kwa nembo, GIMP kwa picha, Krita kwa kuchora, Scribus kwa vijitabu, Blender kwa maumbo ya pande tatu. Zile za Adobe hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Zinunue kazi ikishaweza kuzilipia. Usikubali fundi akuwekee nakala iliyovunjwa kufuli. Programu za namna hiyo ndizo mlango mkubwa wa virusi, na siku kompyuta itakapofungwa na walaghai, vitakavyopotea ni picha za wafu wa watu na kazi za wateja wako.

Pembe ya kupiga picha, na vumbi la Tabaka

Kuna soko moja ambalo mbunifu wa Kisii analo mlangoni: jiwe la sabuni la Tabaka. Wachongaji wa huko wanauza vinyago, bakuli na sahani hadi nchi za nje, na wanahitaji picha safi, katalogi na lebo. Basi tenga pembe ya chumba kwa picha. Sogeza meza ndogo kwenye dirisha la kaskazini au kusini, bandika karatasi kubwa nyeupe ukutani na uiache ishuke hadi mezani kwa mkunjo laini, bila kona. Weka kinyago katikati. Upande wa pili wa dirisha simamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli.

Jiwe hili likishasuguliwa kwa msasa na maji na kupakwa nta, hung'aa, na mwako wa simu hulitia doa jeupe linalofuta michoro yote ya patasi. Zima mwako. Jiwe la rangi ya maziwa hupotea juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo kwa hilo tumia karatasi ya kijivu. Siku ya mawingu mepesi ndiyo bora kuliko zote, na hizo huku tunazo tele.

Ila kompyuta isikae karibu na banda la kuchongea. Vumbi la jiwe la sabuni ni laini kama poda. Huingia kwenye feni, hushikana na unyevu, na kuwa utando unaoziba njia ya hewa. Laptopu inayopiga kelele na kuchoma mapaja mara nyingi imeziba. Ikipulizwa, iwe imezimwa, na feni ishikwe kwa kijiti isizunguke ovyo. Unyevu wa milima nao hutia ukungu kwenye lenzi za kamera, basi zihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiiegemeze meza kwenye ukuta unaotoa jasho, na kagua paa la mabati juu yake kabla ya mvua za Machi.

Kuhifadhi na kutuma

Kazi moja iwe na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nje ya nyumba, ama mtandaoni ama kwa ndugu anayekaa boma lingine. Diski ya nje usiiache imechomekwa, kwa sababu radi inayoua kompyuta itaiua nayo. Mjini kuna faiba sehemu kadhaa. Vijijini wengi hutegemea ruta za laini ya simu, na tangu Julai 2023 Starlink nayo ipo nchini. Popote ulipo, pima kasi ya kupandisha faili, si ya kushusha peke yake, maana mbunifu hutuma zaidi ya anavyopokea. Faili kubwa zitume usiku au alfajiri.

Mtandao ukikataa, utapeleka kazi kwa flashi. Kompyuta za maduka ya kuchapisha hupokea flashi za watu wengi kila siku, na virusi vinavyogeuza mafaili yote kuwa njia za mkato zisizofunguka huambukizwa hapo. Nunua flashi ndogo ya kwenda mjini tu, weka ndani yake PDF ya kazi hiyo moja, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro ili zisibadilike kwenye mashine ya mwenzako, na ukirudi nyumbani ifute yote kabla ya kuitumia tena.